Mwizi Asiyegusa Miiba

Nikialikwa shuleni kusoma hadithi zangu, zile za dunia iliyokauka ambamo watu huwindana kwa sababu ya kikombe cha maji, lazima mtoto mmoja aulize, "Madam, hayo mambo ulitoa wapi?" Huwa nacheka na kusema nilitunga. Uongo mtupu. Niliyatoa nyumbani, huku chini karibu na Siakago, mwaka ule mvua ilipokataa nami nikiwa kidato cha kwanza.

Mto wetu ukikauka, maji hujificha chini ya mchanga. Kila boma huchimba shimo lake na kulifunika kwa matawi ya miiba, upande uliokatwa ukielekea nyumbani kwa mwenye shimo. Miiba hiyo ni mlango. Hata mtu awe anakufa kiu, ataomba kwanza.

Sisi tulikuwa na sababu ya kulinda letu. Mama alikuwa amejifungua, na kwa njaa ile maziwa yake yakakatika. Mtoto aliishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja tu, na mbuzi bila maji hatoi kitu. Shimo likienda, mbuzi ameenda, na mtoto pia.

Basi maji yakaanza kupungua. Si polepole kama kila kiangazi, la. Jana unateka mpaka kata inajaa, leo unakwangua tope. Na miiba iko vilevile tulivyoiacha! Hapo ndipo roho yangu ilipochafuka.

"Ni huyo wa juu," nikamwambia mama.

Huyo wa juu alikuwa jirani yetu, aliyeolewa kutoka Kanja, kwenye migomba na mabomba ya maji. Niliamini mtu aliyelelewa kwa maji mengi hawezi kuheshimu miiba. Akinisalimia, natazama ndoo yake kwanza. Akicheka, najiuliza nguvu za kucheka amezitoa wapi. Mtoto wake alikuwa na midomo laini wakati yetu imepasuka. Haki ya Mungu, nilimhukumu mama mtu kwa midomo ya mtoto.

"Wewe una mdomo," mama akanikemea. Lakini jioni nilimwona akipanga miiba upya na kuchomeka kijiti katikati, mahali ambapo mwizi hangekiona. Asubuhi kijiti kilikuwa palepale. Maji yalikuwa yameshuka tena.

Ni kaka yangu mkubwa tu ambaye hakumshuku mtu. Alitoka alfajiri kutafuta vibarua, na siku nyingine akarudi na mtungi wa maji safi ya mfereji. "Nimepewa na rafiki, Siakago," anasema, na mama anambariki. Nami nilikunywa na kushukuru. Lakini rafiki gani huyo, nchi ikiwa imekauka hivi? Na mbona kaka anarudi na mchanga masikioni?

Jumamosi moja niliamua kumnasa yule wa Kanja. Nikajibanza nyuma ya jiwe, mchana kweupe. Akaja na mtungi wake, akalipita shimo letu bila hata kulitupia jicho, akainama kwenye lake. Akakwangua, akakwangua. Kisha akaketi, akalia. Kumbe na lake limekauka! Sikujua nimwendee au nizidi kujificha.

Mara injini ikanguruma, huko chini kwenye kona ya mto.

"Toka hapo nyuma ya jiwe twende tuone," akaniambia. Ai! Alikuwa ameniona kitambo.

Lori lilikuwa limesimama katikati ya mto. Vijana walikuwa wakirushia mchanga ndani, wa kwenda kujengea nyumba za watu mjini. Walikuwa wamechimba shimo refu kuliko mashimo yetu yote, lori likiwa humo ndani, na chini yake, kuzunguka magurudumu, palikuwa na maji. Maji yetu, yametiririka chini kwa chini mpaka hapo, yakikanyagwa na kukaushwa na jua. Na mmoja wa wale wenye sepetu, mgongo umeloa jasho, alikuwa kaka yangu.

"Wanakulipa nini?" jirani akamwuliza.

Kaka akaonyesha mtungi uliokuwa kivulini chini ya lori. "Ni ya mtoto," akasema.

Nilikwenda kumwambia mama nikilia kwa hasira. Hakupiga kelele. Kaka alipofika na ule mtungi, mama aliupokea akamnywesha mbuzi maji yote, kwa sababu mbuzi hakuwa na kosa.

Asubuhi akamfunga mtoto mgongoni, akaburuta miiba ya shimo letu mpaka mahali lori linapoteremkia mtoni. Jirani akaleta yake. Tukaketi nyuma ya miiba.

Lori likaja likipiga honi. Dereva akatutukana tusi la nguoni, kisha akamwamuru kaka ashuke aiondoe miiba. Kaka akashuka na sepetu yake. Hakuweza kumtazama mama usoni.

"Mama, nikikosa hii kazi, mtoto atakunywa nini?"

Mama akamfungua mtoto, akamweka mikononi mwa kaka. "Mshike. Halafu uondoe hiyo miiba kwa mkono uliobaki."

Mikono ya kaka ilipanda juu ghafla, kama ya mtu aliyeinua debe akidhani limejaa, kumbe tupu. Hakuwa amembeba tangu kiangazi kianze. Sepetu ikaanguka. Honi ikalia tena, ndefu, naye hakugeuka. Akazunguka miiba, akaketi upande wetu.

Dereva alingoja, akatutazama mmoja mmoja, kisha akalirudisha lori nyuma.

Hakuna aliyeshangilia. Kaka akauliza kwa sauti ndogo, "Mbuzi ametoa kitu leo?"

"Hata tone," mama akasema.

Yule wa Kanja akafungua leso yake, akatoa kibuyu kidogo na kumpa mama. Maziwa ya mbuzi wake, aliyokuwa amemwekea mtoto wake mwenyewe. Mama akanigeukia mimi, niliyekuwa nikiichunguza ndoo ya huyu mwanamke kiangazi kizima, akaniambia nimshike mtoto kichwa vizuri, anywe.