Maneno Ambayo Sikumwandikia Abti

Jana malori ya jeshi yalipita tena hapa Garissa. Mimi nilikuwa nje ya duka huku mtaani kwetu Waberi, nimeshika mkate na maziwa ya pakiti, na watu hawakugeuza hata shingo. Zamani tungekimbia wote mpaka barabarani. Hii ni wiki ya pili tangu nirudi nyumbani, na kila siku nasema nitaandika hili jambo kesho. Wacha niandike leo, kabla sijapata sababu ya kutoka.

Rafiki yangu, unakumbuka ule mwaka wa ukame, punda walikuwa wanalala katikati ya barabara na hata ukipiga honi hawainuki? Nilikuwa darasa la tano. Nyumba yetu ilinuka moshi kuanzia alfajiri, kwa sababu nyanya yangu aliuza maziwa ya ngamia, na vyombo lazima vifukizwe kwanza ndio maziwa yakae. Kazi yangu ilikuwa kuinamisha chombo juu ya kijiti kinachofuka, macho yananitoka machozi. Mimi namwita ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, na yeye pia ananiita ayeeyo. Ndivyo kwetu.

Mtoto wake wa kiume, mjomba wangu, tulimwita abti. Yeye ndiye alikuwa na ngamia wa familia, mbali huko karibu na mpaka wa Somalia. Abti alikuwa anapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, na ukimpigia simu inakatika, kwa hivyo tulitumiana meseji. Mchungaji mwenzake alimsomea. Upande wetu, nyumba nzima, ni mimi tu nilijua kuandika. Nilijiona karani wa DC.

Sasa, kwetu mchungaji akikuuliza habari, humjibu "nzuri" ukanyamaza. Unampa yote. Mvua imeanguka wapi, kisima gani kina maji, nani amepita, umesikia nini na umesikia kwa nani, hata kile huna uhakika nacho. Kuchagua ni kazi yake. Yako ni kusema.

Siku moja baada ya alasiri meseji ikaingia. Abti alisema mvua imeonekana ng'ambo ya mpaka, ngamia wamekonda, je, kuna amani ya kwenda? Ayeeyo akaketi kwenye mkeka na kunitajia maneno.

"Andika, ayeeyo. Mwambie ile mvua na sisi tumeisikia. Mwambie yule mama tunauza naye maziwa, dereva anayemletea maziwa ameona malori ya jeshi, mengi, yamefunikwa turubai, yanaenda mpakani. Hatujui yanaenda kufanya nini. Mwambie kama ngamia wanaweza kuvumilia, akae kwanza siku kumi tusikie..."

"Ayeeyo, kidole kinauma."

"Kinauma na uji umekunywa vikombe viwili? Andika."

Nje wasichana walikuwa wamenyoosha kamba, wananiita. Na wiki hiyo hiyo mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba nchi yetu haiingilii vita ya mtu. "Majirani wakigombana, sisi tunawaita mezani, tunawapa chai," alisema, na darasa lote likacheka. Lakini mimi niliamini. Mwalimu alikuwa na kitabu, dereva wa maziwa alikuwa na mdomo tu. Nikaona hizo habari za malori ni porojo za sokoni. Niliandika maneno matano: mvua iko, amani iko, nenda.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote, ayeeyo." Nikamrudishia simu na kukimbia kuruka kamba.

Siku chache baadaye redio ikasema jeshi letu limevuka mpaka. Mwalimu aliingia darasani, akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi, kisha akatuambia tutoe vitabu vya hesabu. Nchi isiyokuwa na upande sasa ilikuwa na upande, na abti alikuwa huko ndani na ngamia wetu wote. Kila asubuhi baada ya swala ayeeyo alinipa simu nimpigie. Mteja hapatikani. Kesho yake, mteja. Helikopta zikipita juu, aliacha kumimina maziwa, akangoja sauti iishe, halafu akaendelea.

Miezi mingi baadaye ngamia jike alitokea soko la mifugo, na shingoni ana alama ya familia yetu. Ayeeyo aliweka kiganja juu ya ile alama, hakukitoa. Akamuuliza muuzaji habari, zile habari zote za kwetu, moja baada ya nyingine.

"Mama, mimi nimenunua kwa mtu," yule mzee alisema, "na yeye alinunua kwa mtu. Usiniangalie hivyo. Wallahi sina kingine."

Abti hakurudi. Mpaka leo hakuna mtu ametuambia alianguka wapi, au ni mkono wa nani. Mimi nilienda sekondari, nikalala kwenye mabweni, nikafanya mitihani, na kila nikikabidhi karatasi nilisikia ayeeyo akiniuliza kama nimeandika yote.

Jana, malori yalipomaliza kupita, niliingia uani nikamwambia ayeeyo habari ya yale maneno matano. Nilisema haraka, kama mtu anatapika. Ayeeyo alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha kwenye jua.

"Nilijua," akasema. "Maneno yangu yote yale, na wewe umebonyeza kidogo tu, simu imerudi. Kusoma sijui, lakini sikuwa kipofu."

"Mbona hukuniambia niandike tena?"

Alivuta miguu yake kivulini.

"Maziwa ya jioni yalikuwa yamefika. Yangeharibika. Nikasema, kesho."

Siku hizi ayeeyo hauzi maziwa, tunanunua ya pakiti kama kila mtu, na wasichana wa mtaa wakinuka moshi ni wa jiko la mkaa. Leo jioni radi inamulika mbali, upande wa mpaka. Tumeketi uani sisi wawili, tunaiangalia. Mvua inanyesha huko, na hakuna mtu wetu aliyebaki wa kutuuliza kama aende.