Masale ya Uani kwa Bi Arafa

Bi Arafa binti Omari alikuwa na nyumba ya vyumba sita pale Kaloleni, na hakuwa na pa kulala. Utadhani nakutania. Mimi Nusura nilipanga chumba cha mbele, nikikaanga vitumbua barazani, na kila alfajiri nilipotoka na karai langu nilimpita mwenye nyumba wangu ukumbini. Alijikunja kwenye kitanda cha kamba nyuma ya pazia la khanga kuukuu, nasi wapangaji tukipita miguuni pake kwenda chooni.

Zamani alikuwa na chumba chake, chenye mlango na komeo. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga nyumba ile. Kisha vita vya Hitla vikaisha, na Arusha ikaanza kufurika. Wakaja askari waliotoka Burma wasiotaka kurudi kwao, wakaja Warangi na Wanyaturu, wakaja vibarua waliochoshwa na mkonge. Kila aliyeshuka kwenye lori alikuwa na ndugu, na kila ndugu alikuwa na mkeka. Mji uliongezeka watu, bomba halikuongezeka. Lilikuwa moja tu, pale kwenye kona, na kabla jua halijachomoza madebe yalikwisha panga foleni hadi barazani kwetu. Zahanati ukienda na mtoto mwenye homa, ulirudi jioni na homa yako na ya jirani. Choo chetu kilikuwa kimoja, na bwana afya alipokuja kukitazama alitoka ameziba pua, akasema kichimbwe kingine, akaenda zake.

Bi Arafa alilalamika kuliko sisi sote. Alizunguka nyumba na ufagio akifagia palipokwisha fagiwa, huku anasema.

"Wageni wamezidi. Wanatoka wapi watu hawa, hawana kwao?"

"Na wewe si uliletwa kutoka Kondoa mgongoni kwa mama yako?" nikamwambia.

Akanisonya. "Mimi nilikuja kukiwa na nafasi."

Lakini mtu akisimama mlangoni na mkeka kwapani na mke nyuma yake, Bi Arafa alianza kwa kugomba akamalizia kwa kuonyesha chumba. Kodi aliipenda, sitasema uongo, lakini si kodi iliyomtoa chumbani mwake. Hakuweza tu kumtazama mtu usoni akamwambia nenda. Mimi ningeweza, na nilimwambia hivyo mara nyingi.

Kilichombakia ni kipande cha ardhi uani, alipokuwa akianika nguo. Hapo ndipo alipokusudia kujenga chumba chake.

"Chumba chenye mlango, Nusura. Nifunge, nilale, mtu asinipite."

Alikwenda kukitazama kipande kile asubuhi, akarudi, akaenda tena adhuhuri kama vile kingehama. Hakuwa mtu wa kutulia. Ukimkalisha kwenye kigoda, alikuwa keshasimama kabla hujamaliza kumimina chai.

Mwaka wa hamsini na moja serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru wa Engare Nanyuki, kule nyuma ya mlima Meru, ili ardhi wapewe walowezi. Wengi walikwenda kwa jamaa zao migombani. Mmoja wao, Sumari, alikuja mjini kubeba mbao, akatokea mlangoni kwetu na mkewe Elizabeth, mtoto mgongoni, na jembe begani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na lake kabisa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Tunatafuta pa kujisitiri."

"Marahaba. Pamejaa. Kwenu kuna nini?"

"Wamekuja watu kutoka ng'ambo, wamepewa shamba letu."

Bi Arafa akaegemea ufagio. "Kwa hiyo na huko wageni wamezidi?"

"Wamezidi, mama."

Nikajua tumekwisha. Akawapa uani. Wajenge kibanda cha mbao na madebe, mvua zikiisha waondoke, naye aanze chumba chake. Sumari akashukuru kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, hakukanyaga ukumbini hata mara moja. Alipita kichochoro cha pembeni, akapiga hodi hata kwenye ua usiokuwa na mlango.

Juma lililofuata akaleta vijiti vya mmea fulani kutoka mlimani, akavipanda mstari kuzunguka kibanda. Vikashika. Majani yakatoka marefu, ya kijani, yanang'aa. Bi Arafa akapendezwa mno.

"Tazama Mmeru huyu alivyo mstaarabu. Anapanda maua."

Akawa anayamwagilia mwenyewe kwa maji ya kufulia, katika mtaa ambao watu walitukanana kwa sababu ya ndoo moja. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua zaidi yake.

Mvua zikaisha. Bi Arafa akamwita fundi Philemoni wa Kimandolu, Mmeru vilevile, aje kupima msingi. Asubuhi hiyo alikuwa amevaa khanga mpya, anatembea mbele ya fundi akimwonyesha mlango utakapokaa na dirisha litakapotazama. Philemoni alifika kwenye yale majani, akasimama, akaweka kamba yake chini.

"Siwezi kupita hapa, mama."

"Kwa nini? Hayo ni maua tu."

"Hayo ni masale. Kwetu ndiyo mpaka. Mtu akipanda masale na mwenye ardhi akamwona akanyamaza, basi amekubali."

"Sikunyamaza tu," akasema Bi Arafa polepole. "Niliyamwagilia."

Aliingia ndani akatoka na panga. Sijapata kumwona na hasira vile. Alifyeka mstari mzima, toka kona ya choo hadi ukutani, na Philemoni amegeuza uso asione. Elizabeth alitoka kibandani. Tumbo lilikuwa kubwa, alikuwa na mimba nyingine. Hakupiga kelele.

"Na kule walifyeka hivihivi," akasema, akarudi ndani.

Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi. Bi Arafa alitoka barazani akaingia, akaingia akatoka, akavunja kikombe. Habari zilishafika bombani, na watu wakaja kujifanya wanaazima chumvi ili waone Sumari atafanya nini atakaporudi. Philemoni alibaki, alisema jambo la masale haliachwi njiani.

Sumari alirudi jua likishuka. Aliuona mstari uliofyekwa. Kisha akaokota jani moja lililokatwa, akaliosha, akalifunga fundo, na kwa mara ya kwanza akapita mlango wa mbele, akaja ukumbini. Akapiga goti mbele ya Bi Arafa, ameliinua jani kwa mikono miwili.

"Anataka nini na jani langu?" Bi Arafa akauliza.

"Anaomba radhi," Philemoni akamjibu. "Kwetu aletewaye sale hakatai, hata kama kosa ni la damu."

"Desturi zenu zina hila. Mkilipanda ardhi ni yenu, mkilileta mkononi nanyamaza."

"Sikutaka kukunyang'anya, mama," akasema Sumari. "Mke wangu hakuwa akilala. Alisema kulala pasipo na masale ni kama kulala njiani."

Bi Arafa alikaa kitandani pake, akalia waziwazi mbele yetu.

"Na mimi ninalala wapi? Hapa ulipopiga goti ndipo ninapolala. Nilitaka mlango tu, Sumari."

Sumari aliitazama khanga iliyotundikwa, na kitanda, na viatu vya wapangaji chini yake. Akaingiwa na haya.

"Sikujua. Nilidhani mwenye nyumba analala ndani." Akainuka. "Kesho nabomoa kibanda. Ujenge."

"Utakwenda wapi na mke mwenye tumbo lile?"

Sumari akageuka kutazama uani, Elizabeth alikokuwa. Bi Arafa akafuta uso kwa upindo wa khanga mpya, akalichukua jani.

"Kaa," akasema. "Kaa, na usinizoee."

Chumba hakikujengwa, wakati ule wala baadaye. Lakini asubuhi yake nilipotoka na karai langu nilikuta madebe mawili yamejazwa udongo, moja upande huu na moja upande ule wa pazia la khanga, na katika kila moja Sumari amechomeka vijiti vya sale. Vilishika haraka, maana mmea ule haufi kwa kukatwa. Philemoni alipopita alisimama nje ya madebe yale akabisha hodi, na wengine tukafuata, hata Wanyaturu ambao masale si yao. Tulianza kwenda chooni kwa kichochoro cha pembeni, mvua inyeshe isinyeshe.

Siku chache baadaye nilimpelekea chai. Jua lilikuwa limekwisha toka, na Bi Arafa, ambaye sikuwahi kumkuta hajaamka, hakuitikia hodi yangu. Nilimsikia anakoroma. Nikaiweka chai chini, nje ya madebe, nikarudi kwenye vitumbua vyangu.