Namba ya Malachy Casserly

Mnada wa ng'ombe wa Boyle, mji wetu mdogo wa Ayalandi, ulifungwa siku nyingi, na pale palipokuwa na mgahawa wake sasa wanauza matairi. Lakini sisi tuliokuwa watu wazima miaka ile ya tisini, kila tukipita pale ni kama tunamsikia Attracta Casserly akiwafokea wafugaji wasimwingilie na matope. Alipika pale miaka thelathini na mmoja. Viazi, nyama ya kuchemsha, kabichi, na chai nyeusi ya kukata na shoka.

"Attracta," mtu angemwambia, "hii ni chai au dawa ya kuogeshea kondoo?"

"Kunywa tu. Si ndiyo wewe unayejikuna tangu asubuhi?"

Hakuolewa. Alikuwa mfupi, mwenye mabega kama ya mwanamume, na alikuwa na kicheko cha kupasua bati. Mimi nilikuwa mtunza maktaba ya mji, mdogo kwake kwa karibu miaka thelathini, na kabla ya vuli ile ya mwaka tisini na saba hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu. Maktaba haikuwa mahali pake. Ndiyo maana nilishangaa kumwona Jumatatu moja amesimama mbele ya meza yangu na koti lake la kanisani, mkononi ana kijiko kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa cha vyombo.

"Dympna, mwanangu," akasema, "nisomee hiki."

Kilikuwa kijiko alichopimia majani ya chai. Kabla yake alikitumia mama yake, na kabla ya mama yake, bibi yake mzaa baba, Honor. Wiki iliyopita mzee mmoja mnunuzi wa ng'ombe kutoka Longford alikigeuza akaona nyuma ya mpini alama zilizogongwa kwa msumari: 4417, na herufi C na R. Akamwambia kijiko hicho ni cha askari. Zamani kila mmoja aligonga namba yake, akakichomeka kwenye vitambaa walivyojizungushia miguuni, asiibiwe.

Herufi hizo mtu yeyote wa mkoa wetu wa Roscommon alizijua. Connaught Rangers, kikosi cha vijana wa huku kwetu, kikipigana chini ya bendera ya mfalme wa Uingereza. Waliokwenda vita ile kubwa ya mwaka kumi na nne walisindikizwa stesheni kwa tarumbeta. Waliorudi walikuta nchi inapigania uhuru wake, na sare yao imekuwa sare ya adui. Wengi walifunga midomo hadi wakafa.

"Nyumbani kwenu kulikuwa na askari?" nikamuuliza.

"Nyumbani kwetu hakukuwa na babu, sembuse askari." Akacheka, lakini si kile kicheko chake. "Malachy Casserly alikwenda Australia mwaka ishirini na moja, akamwacha bibi na watoto wawili. Ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Shuleni walikuwa wakiniimbia kwamba babu yangu alikimbia sura ya bibi yangu."

Tukaandika barua London, kwenye nyumba ya kumbukumbu za serikali. Jibu lilikuja baada ya wiki saba: faili nyingi za askari wa vita ile ziliungua kwa mabomu ya mwaka arobaini, na katika zilizosalia hakuna Casserly, Malachy.

Attracta aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

"Kumbe hata karatasi zake nazo zimekwenda Australia," akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeonja, na mtu wa kazi yangu akishaonja haachi. Nikasoma, nikapiga simu, nikajua kwamba faili za pensheni za askari waliojeruhiwa zilikuwa zimewekwa jengo lingine, na baadhi zilinusurika. Hazikupangwa vizuri. Lazima mtu aende mwenyewe. Nilimwambia hivyo mgahawani, katikati ya kelele za madalali, na yeye akaendelea kumenya viazi bila kuniangalia.

"Sijawahi kuvuka maji," akasema mwishowe.

"Ni saa tatu na nusu tu za meli."

"Na nikitapika?"

"Utatapika."

Akatupa kiazi ndani ya ndoo. "Basi Februari. Februari ng'ombe ni wachache."

Alitapika kweli, tangu Dublin hadi bandari ya Holyhead ng'ambo, huku akimlaumu Malachy kwa jina. London hakuitazama kabisa. Siku mbili tulikaa kwenye chumba cha kusomea, watu wamenyamaza kama wako misani, tukipitisha orodha za majina. Casserly hakuwepo. Cassidy tele. Siku ya tatu asubuhi nikamwambia tuache majina, tufuate namba, kwa sababu karani wa zamani angeweza kukosea jina la Kiayalandi lakini namba angeinakili kama ilivyo. Kabla ya chakula cha mchana nikaiona: 4417, na kando yake, Cassley, M.

Faili lililetwa limefungwa kwa utepe. Juu kulikuwa na maandishi ya daktari. Malachy alifukiwa na udongo handakini mwaka kumi na saba, bomu lilipoanguka, akatolewa baada ya saa sita akiwa hai kati ya wenzake wawili waliokufa. Mikono ilimtetemeka tangu siku hiyo. Hakuvumilia mlango uliofungwa. Alirudi kwao mwaka kumi na tisa, na Machi ya mwaka ishirini na moja akapelekwa hospitali ya askari waliovurugika akili, upande wa Sligo. Kisha kurasa na kurasa za mstari mmojammoja, mwaka hadi mwaka: hali ni ileile, hali ni ileile. Ya mwisho ilikuwa ya Januari arobaini na tisa. Amefariki.

Attracta aliweka kidole juu ya neno Sligo.

"Maili thelathini na mbili," akanong'ona. "Dympna, ningefika kwa baiskeli. Nilikuwa na miaka kumi na nne alipokufa, na baiskeli nilikuwa nayo."

Chini ya kurasa hizo kulikuwa na barua ya mkono, karatasi ya daftari la shule. Aliitambua kabla sijaona sahihi. Bibi yake, alisema, aliandika herufi H kama lango la zizi. Alijaribu kuisoma, macho yakakataa, akanisukumia. Nikamsomea kwa sauti ya chini:

"Mheshimiwa, naomba barua zozote za mume wangu zisiletwe nyumbani. Zipelekwe posta ya Carrick, nitazifuata mwenyewe. Huku hali si nzuri kwa mtu kama yeye, na wapiganaji wameshakuja mara moja kumuuliza. Majirani nimewaambia amevuka bahari. Mkiulizwa, nanyi semeni hivyohivyo. Yeye mwambieni kitanda bado kiko upande wa dirisha, na mlango siufungi. Honor Casserly."

Attracta hakulia mle ndani. Aliomba kalamu ya risasi, akainakili barua yote kwa mkono wake, polepole, na kila alipofika kwenye H aliichora kama lango.

Mtu mmoja tu aliyebaki hai angeweza kutuambia zaidi: shangazi yake Delia, binti wa Malachy, mwenye miaka themanini na tatu, aliyekuwa akitunzwa na masista kule Roscommon mjini. Tulimkuta dirishani na blanketi miguuni. Attracta hakuzunguka.

"Shangazi, babu hakwenda Australia."

Bibi kizee akageuka kutoka dirishani. "Nani kakwambia?"

"Karatasi."

"Karatasi hazina adabu," akasema Delia. Kisha akaniambia nifunge mlango, akafikiri, akaniambia niuache wazi.

"Mama alituambia kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi anakwenda Sligo kwa daktari wa meno," akaanza. "Miaka ishirini na minane! Mwanamke mwenyewe alikuwa na meno manne."

Attracta akapiga makofi. "Na mkate wa soda! Namkumbuka kituoni na mkate chini ya mkono. Nilikuwa nikijiuliza, daktari wa meno gani huyu anayelipwa mkate!"

"Babu yako ndiye aliyekuwa akiula. Mkate na soksi. Baba yako alijua, lakini alikula kiapo. Mimi nilikwenda mara moja, nina miaka kumi na sita. Alikuwa mtu msafi, mwenye nywele zilizochanwa kwa maji. Hakunijua. Alidhani mimi ni dada yake. Akaniuliza kama ng'ombe mwekundu ameshazaa." Delia akatengeneza blanketi lake. "Ng'ombe yule alikufa kabla ya vita. Nikamwambia ndiyo, amezaa, ndama jike. Akafurahi, mwanangu, akafurahi mpaka akalia. Sikurudi tena. Nilikuwa msichana, niliogopa. Hilo ndilo linaloniuma, si lingine."

"Ulikuwa mtoto, shangazi."

"Mama hakuogopa."

Sista akaleta chai, akaona nyuso zetu, akaondoka.

"Amezikwa wapi?" Attracta akauliza. "Nataka niende nikamsalie."

"Kwani husali? Kila Agosti, Jumapili ya kubariki makaburi, unamsalia."

"Namsalia nani?"

"Mama alimleta. Alfajiri moja ya Januari, na padri, na wanaume wawili wa Carrick ambao hawakutujua. Alimweka kwenye kaburi la akina Casserly na hakuandika kitu. Miaka tisa baadaye akaenda kulala naye. Unaposimama pale kwa mama, unasimama juu ya wote wawili."

Njiani kurudi Attracta aliniomba nisimamishe gari. Akashuka, akasimama kando ya uzio akitazama malisho ya mtu tusiyemjua, na hapo ndipo alipolia.

Alitaka jina liandikwe. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu kaburi lilikuwa mikononi mwa kaka yake, Senan. Senan alikuwa mchimba mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi unaokaushwa uwe kuni, mkavu wa maneno, na alikuwa na fahari moja maishani: mjomba wa mama yao aliyeuawa akipigania uhuru, ambaye jina lake limechongwa kwenye mnara wa njia panda. Kila Pasaka Senan ndiye aliyepeleka shada.

Nilikuwepo alipoambiwa, mgahawani, mnada umekwisha.

"Askari wa mfalme," akasema. "Kwenye jiwe letu."

"Babu yako, Senan."

"Babu yangu yuko Australia."

"Babu yako yuko chini ya maua unayoyapalilia mwenyewe!"

"Unataka nipite njia panda nimwangalie yule, halafu nifike kaburini nimwangalie huyu? Watu watasemaje?"

"Watu!" Attracta akatupa kitambaa mezani. "Kwa ajili ya watu bibi alikuwa mjane miaka ishirini na minane na mume yuko hai. Watu wamekula vya kutosha kwenye nyumba hii. Wanyime chai kwa mara moja."

Senan akavaa kofia yake akatoka. Hawakuzungumza kuanzia Machi hadi Agosti, na wanaishi mlango kwa mlango. Senan akimwona dada yake ametoka kuanika nguo, anaingia ndani. Attracta hakungoja ruhusa yake. Alimleta mchongaji wa mawe, na juu ya jina la Honor likachongwa jina la Malachy Casserly, na miaka yake, basi. Hakuweka kikosi wala cheo. Aliniambia hilo aliliacha kwa ajili ya Senan, ingawa Senan hakumwomba.

Jumapili ya makaburi ilikuwa ya joto mwaka ule. Familia zote zilisimama kwenye mawe yao, mashati meupe, watoto wakikatazwa kukanyaga, padri akipita na maji ya baraka. Nilisimama na Attracta kwa sababu hakuwa na mtu. Delia aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Padri alipokuwa safu mbili kabla yetu, nilimwona Senan langoni, amevaa suti ya misa. Akasimama kwanza kwenye kaburi la mtu mwingine, kama anayesoma. Kisha akaja. Hakumsalimu mtu, akasimama upande wa pili wa jiwe na kofia mkononi.

Padri akatunyunyizia, akapita. Watu walianza kutawanyika. Senan alikuwa bado anatazama maandishi mapya.

"Alikuwa mrefu?" akauliza, bila kuinua uso.

Attracta akamgeukia. "Futi tano na inchi nne. Imeandikwa walipompokea jeshini. Macho ya kijivu. Kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, la panga la kukatia mboji."

Senan akageuza mkono wake wa kushoto, akautazama, akauficha mfukoni.

"Mtu mfupi," akasema.

"Kama wewe, shetani wewe," akasema Delia kutoka kwenye kiti chake. "Na kichwa kigumu kilekile. Sasa nipelekeni mahali penye chai, jua linaniua."

Tulikunywa chai kwa Senan. Hakuomba msamaha, na Attracta hakuungoja; hawakulelewa hivyo. Lakini alipomaliza kuosha vikombe, Senan alifuta meza kwa mkono, akavaa miwani, akamwambia dada yake alete hizo karatasi zote alizotoa London. Nilipoaga niliwaacha wameinama pamoja juu ya ile barua ya bibi yao, Senan akifuata mistari kwa kidole, akisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu ambaye hataki kufika mwisho.