Jua la Chumba cha Mbele

Dada yangu Teodomira alikuwa akiuza jua. Sisemi hivyo kwa kumdhihaki, maana mji mzima wa Jauja tuliishi kwa biashara hiyo. Treni ya kutoka Lima ilipofika, wanawake wenye vyumba tulijipanga kituoni tukigombania wagonjwa wa kifua, na sauti yake ilizishinda zetu zote: "Chumba cha mbele! Jua toka saa moja mpaka saa kumi!"

Wala hakusema uongo. Bonde letu liko juu kiasi kwamba mgeni akipanda ngazi tatu anatafuta pa kukaa, lakini hewa yake ni kavu, na mwezi wa Juni hutaona wingu. Mchana jua linakuchoma mgongo huku miguu ikiganda kivulini. Alfajiri maji ya ndoo yamekuwa barafu. Wagonjwa waliletwa hoi, wakalazwa juani wamefunikwa mablanketi, na wengine kweli walirudi kwao wakitembea. Wengine tuliwazika nyuma ya mikalitusi, ila hao hatukuwataja kituoni.

Tulichoamini sote ni kwamba ugonjwa ule hautupati sisi. Tumezaliwa na hewa hii, tulisema, mapafu yetu mapana. Tukaosha vikombe vya wageni, tukafua mashuka yao, tukala hata supu waliyobakiza. Wajinga sisi.

Teodomira alikuwa mjane mwenye vyumba viwili tu. Cha mbele alikipangisha. Yeye na binti yake Delfina walilala cha nyuma, kando ya jiko, pamoja na simbilisi wao wa kitoweo, mahali ambapo jua halikuingia mwaka mzima. Mwaka ule mpangaji alikuwa Bwana Balarezo, mwalimu, mtu wa adabu zake. Delfina, mwenye miaka kumi na saba, ndiye aliyempelekea chai. Mwezi wa Mei akaanza kukohoa.

"Upepo tu huo," Teodomira akaniambia.

"Upepo gani wa wiki sita?"

"Fidencia, usimchurie mwanangu!"

Siku nilipoona damu kwenye leso nilifunga mlango kwanza, ndipo nikasema. Mungu anisamehe kwa nilichosema. "Nyamaza, dada. Ikijulikana mtu wa hapa kaupata, nani atapanda tena treni kuja huku? Mji mzima utatulaani." Naye akanyamaza.

Balarezo hakudanganyika, kikohozi kile alikijua kuliko sisi. Asubuhi moja, nami nikiwa pale, akasimama mlango wa jikoni, blanketi lake begani.

"Mama, mlete binti chumba cha mbele. Mimi nitalala hapa."

"Ana nini hata ahame? Kapigwa na baridi."

"Mimi nimeshapata nafuu, mama. Huyu ndiyo kwanza anaanza."

"Mwalimu, chai yako inapoa."

Delfina akajiinua kitandani. "Mama, siku moja tu. Nikalale juani siku moja."

"Majirani watakuona, mwanangu. Vumilia kidogo."

Akanigeukia mimi. "Mama mdogo, mwambie basi."

Nikachukua ufagio, nikatoka kufagia ua ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Delfina alikufa Agosti, mwezi ambao anga letu ni zuri ajabu. Tukasema ni nimonia. Oktoba Balarezo akaondoka amenenepa; alitaka kuaga, akashindwa, akalia tu. Wiki iliyofuata Teodomira akaja kituoni kama kawaida, ila safari hii hakuita mtu. Akashuka mama mmoja amemshika mkono binti mwembamba, akatuuliza kama walivyouliza wote:

"Na nyinyi wenyeji, ugonjwa huu hauwapati?"

"Utupate wapi!" akadakia Hermelinda, jirani yetu. "Hewa yetu yenyewe dawa."

"Unatupata," akasema Teodomira. "Binti yangu ulimuua Agosti. Nilikuwa na chumba chenye jua, nikamlaza gizani."

Yule mama akamvuta binti yake karibu. Wanawake wote wakanitazama mimi, mdogo wake, na Teodomira naye akanitazama. Ningesema neno moja tu, "ndiyo", lingetosha.

"Msimsikilize," nikasema. "Kafiwa, kachanganyikiwa."

Yule mama na binti yake walikuja kupanga kwangu.

Dada yangu hajasema nami tangu siku hiyo, na chumba cha mbele hakukipangisha tena. Kila asubuhi, jua likifika tu, analitoa godoro la Delfina chumba cha nyuma, analitandaza pale mbele, analipangusa kwa mkono. Saa kumi analirudisha. Nyumba yangu inatazamana na yake, kwa hiyo kila siku namwona.