Shaba Mwilini mwa Dada

Dada yangu alipoolewa mtaa wa Kayole alikuwa buheri wa afya. Mwaka haujaisha, alikuja kututembelea kwetu Huruma, na mama alipompa kikombe cha chai, mkono wake ukapigapiga kama bawa la kuku aliyekamatwa. Chai ikamwagikia kitambaa cha meza. Alitaka kusema pole. Neno likatoka zito, na mate yakamchuruzika kidevuni.

Shemeji, aliyekuwa amemsindikiza, alisema ni uchovu tu. Mama alingoja atoke, kisha akamwinamia dada.

"Mwanangu, kule anayekupikia ni nani?"

"Mama mkwe."

"Na yeye hula kwa sufuria hiyo hiyo?"

Dada alichelewa kujibu, na mama akakuchukua kule kuchelewa kuwa ushahidi wa sumu. Hata mimi.

Baadaye nilijua kwamba Kayole nako tulikuwa tunasemwa. Sisi ni watu wa Ukambani, na mama mkwe, mzaliwa wa magharibi mwa nchi, alishaambiwa tangu zamani kwamba kwetu uchawi haukosekani. Dada alipoanza kuanguka ngazini na kucheka bila sababu, mama mkwe alimwambia mwanawe, "Hawa walituoza mtu waliyekwisha kumroga."

Mama akamrudisha dada nyumbani. Kliniki moja ilimpa dawa za usingizi, nyingine ikasema ni wazimu. Dada, ambaye akili zake zilikuwa timamu, alikaa kitandani akitusikia tukimjadili.

Mwishowe tulifika kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alimwambia anyooshe mikono, akaitazama ikitetemeka, kisha akamkalisha mbele ya mashine ya kupimia macho. Aliniita nichungulie. Ukingoni mwa kioo cha jicho la dada palikuwa na pete ya rangi ya kahawia.

Baada ya vipimo vya damu na mkojo, alituketisha. "Ana shaba nyingi mwilini. Imejaa kwenye ini, ikafika ubongoni."

Mama akasimama. "Si nilisema! Wamemwekea sumu!"

"Keti, mama. Shaba imo katika chakula chetu sote. Mwili wako huitoa, wake hauwezi. Ni ugonjwa wa nadra, amezaliwa nao. Na hauji kwa upande mmoja; ameurithi kwa baba na kwa mama."

Mama aliketi. Alimtazama daktari kwa jicho lile lile alilomtazamia shemeji. Tukiwa njiani aliniuliza, "Yule daktari ni mtu wa wapi?"

Nilipimwa nami, nikaonekana sina. Dada alianza vidonge vya kuitoa shaba, na miezi ya kwanza alizidi kutetemeka. Mama akataka vitupwe. Dada alikibana kichupa kifuani, akasema neno moja moja, "Ni vyangu. Nitameza."

Ilichukua zaidi ya mwaka maneno yake kunyooka. Mkono wa kushoto haukutulia kabisa. Akaamua mwenyewe kurudi kwa mumewe, na mimi nikambebea mfuko. Mama mkwe alitupokea mlangoni, akauliza, huku akiangalia pembeni, ni nini asichoruhusiwa kula.

"Maini," dada akasema. "Na njugu."

"Basi hapa havitapikwa."

Mama hakukanyaga nyumba ile hadi mjukuu alipozaliwa. Hata siku hiyo alikaa kiti cha karibu na mlango, mkoba wake magotini, akisema hakai sana.