Vipimo Vitatu vya Amonia

Kiwanda alichofanyia kazi baba kilipobinafsishwa, wenzake waliondoka na meza, viti, mmoja hata na mlango. Baba aliondoka na tangi la samaki. Lilikuwa limekaa mapokezi miaka yote na mnunuzi mpya hakulitaka. Likaletwa nyumbani kwetu Kimandolu kwa pikapu, limefungwa kwa blanketi letu la wageni, na samaki saba wekundu kwenye ndoo aliyoipakata mwenyewe njia nzima. Mfukoni alikuwa na kichupa cha rangi ya kahawia kutoka maabara, maana kazi yake ilikuwa kupima maji.

Nakumbuka siku zile kwa mapenzi ambayo wakati ule sikuwa nayo. Maduka ya mjini yalikuwa yamejaa ghafla, sabuni za kila rangi, viatu vya kila nchi, na kila mwenye uwezo alikuwa ananunua televisheni. Watoto wa jirani walikuwa wakitoka kwenye televisheni za watu wanakuja kwetu kutazama samaki. Wanakaa chini kimya, baba anawaeleza kwa nini samaki hasinzii kwa kufumba macho. Mtaa mzima ulimwita Mtaalamu. Alikuwa hana kazi tena, lakini kwa jina hilo alikuwa anaamka mapema, ananyoa ndevu na kuvaa shati la kupiga pasi.

Kila Jumamosi alifunga mlango wa sebule akapima amonia. Amonia ni sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Huioni, wala maji hayabadiliki sura. Na maji yetu ya Mlima Meru yana magadi, baba alisema, na kwenye maji ya magadi amonia inauma zaidi. Anachota maji kidogo kwenye tyubu ya kioo, anadondosha dawa ya kichupa, anasubiri. Kukiwa na amonia, maji yanageuka njano. Kisha anaosha tyubu zake, anafungua mlango na kutangaza, "Salama." Hakuna aliyeruhusiwa kuingia kabla ya neno hilo.

Salama gani? Samaki wakaanza kufa. Wa kwanza tulimzika kwa heshima nyuma ya migomba. Wa pili tukasema bahati mbaya. Walipobaki watatu baba alikuwa amemlaumu kila mtu: mama kwa marashi yake, jirani kwa moshi wa kuni, idara ya maji, mimi. Na alikuwa mkali siku hizo hata kwa mambo madogo, anatupa gazeti mezani akisema haya magazeti mapya ya watu binafsi yanabana wino, maandishi yamefifia.

Mimi nami nina mdomo. Nilimwambia mbele ya watu, "Baba, hiyo dawa yako ilikufa kabla ya samaki."

"Dawa hii," akasema taratibu, "ilipima maji ya kiwanda kizima wewe ukiwa unanyonya."

Nilijua ninachogusa. Ile dawa ikiwa mbovu, basi Mtaalamu hayupo, amebaki mzee mmoja wa Kimandolu aliyepunguzwa kazini. Nilijua, na bado niliendelea kumchokonoa wiki baada ya wiki. Leo nikikumbuka naona aibu.

Wakati ule nilikuwa na kibanda cha viatu sokoni na nilikuwa navuka Namanga kwenda Nairobi kufuata mzigo. Safari moja nikatafuta duka la samaki wa mapambo. Mwenye duka akaniwekea vipimo viwili juu ya kaunta. Kimoja ni vijiti vya karatasi: unachovya, unalinganisha rangi, umemaliza. Cha pili ni cha matone, chupa mbili na kadi ya rangi. Kinachukua muda, lakini ndicho anachotumia yeye mwenyewe. Vyote viwili vinageuka kijani kukiwa na amonia. Akanionyesha tarehe ya mwisho chini ya chupa, akanionya kwamba vijiti vikiingia unyevu vinadanganya. Nikasimama pale kama ninachagua mchumba. Mwisho nikachukua vyote viwili, nimchape baba mara mbili.

Jumapili baba na mama wakiwa ibadani nikapima. Vijiti vikasema hatari kidogo. Matone yakasema hatari kubwa. Baba aliporudi, hata Biblia hajaiweka, nikamsomea mashtaka.

Nilitegemea atafoka. Akauliza tu, "Hivyo vipimo vyako umevipima?"

"Navipimaje?"

"Vinakupa majibu mawili tofauti, halafu unataka nikuamini. Unavipa maji yasiyo na amonia, unavipa na maji ambayo una hakika yana amonia. Kisichojua tofauti, tupa." Akaiweka Biblia mezani. "Na changu kiwemo."

Maji ya mvua tulikuwa nayo kwenye pipa. Amonia ya hakika akaiagiza Ngaramtoni, kwa dada yake mkubwa.

Shangazi yangu alikuwa mfugaji wa kweli, na kwake samaki alikuwa jamaa ya nyoka. Alikuwa hanywi hata chai sebuleni kwetu. Akaja Jumamosi na maziwa mkono mmoja, na mkono wa pili chupa imezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nyoka wenu hawajambo?" Akampa baba ile chupa. Alimwita ero, yaani kijana kwa Kimasai, kama mvulana anayechunga ndama, mpaka uzeeni. "Ero, nimekuletea mkojo wa ng'ombe uliolala siku tatu. Ule mbichi haufai, unaouma macho ndio huu. Watu wamesomesha mtoto, anaagiza mkojo!"

Tulicheka sote, baba akicheka kuliko wengine. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimemwona akicheka vile. Akatoa meza barazani, kwenye mwanga mzuri wa saa nne, akatia matone machache ya mkojo kwenye ndoo ya maji ya mvua, akakoroga. Akapanga tyubu. Mikono yake ilikuwa mizuri kuiangalia, haitetemeki, haimwagi hata tone. Kila kipimo kikapewa maji ya mvua matupu na maji ya ndoo. Mimi nisome vyangu, yeye asome chake.

Vijiti: kwenye mvua hakuna kitu, kwenye ndoo kijani hafifu. Matone: kwenye mvua hakuna kitu, kwenye ndoo kijani cha kukolea kabisa. Nikatangaza kwa sauti ya mnada.

Baba akainua tyubu zake mbili kwenye mwanga. Akazisogeza karibu, akaziweka mbali, akazigeuza.

"Sawasawa," akasema. "Zote nyeupe. Hii ya ndoo haijabadilika hata kidogo." Akashusha pumzi. "Umeshinda, binti yangu. Dawa yangu imekufa."

Tyubu ya mkono wake wa kulia ilikuwa njano kama samli.

Nikamtazama shangazi. Shangazi alikuwa ameshanitazama mimi, kicheko kimemtoka usoni. Ushindi nilioutafuta wiki zote zile ulikuwa huu hapa, baba mwenyewe ananipa, na ningeweza kuuchukua. Tungetupa kichupa, mimi ningekuwa napima kwa matone yangu, samaki watatu wangepona, na yeye angebaki na macho yake anayoyaamini. Mimi niliyekuwa na mdomo nilitamani kuwa bubu.

"Baba," nikasema, "hiyo ya kulia ni ya njano."

Hakubisha. Akaitazama tena, kwa muda mrefu, halafu akaacha kuitazama, akanitazama mimi, au upande niliokuwa nimekaa.

"Sana?"

"Sana, baba."

Shangazi akasema jambo kwa Kimasai, polepole, na kumshika bega. Baba akaniwekea ile tyubu mkononi kwa uangalifu, nisiimwage.

"Basi dawa ni nzima," akasema, na naapa alikuwa amefurahi. Aliyelia ni mimi.