Upande Wenye Filimbi

Baba yangu alipokufa, ndugu zake walibeba mabati, kitanda, baiskeli na saksafoni yake. Mimi waliniachia disiki saba za muziki na mashini ya kuzipigia. Si kwa huruma. Waliziona ni takataka, na kama wangejua zina faida yoyote wangezibeba pia.

Alikuwa mwalimu wa shule ya parokia hapa Kasongo. Disiki zilikuwa za padri mmoja mzungu aliyefundisha muziki, ambaye wakati wa vita aliondoka na valizi moja tu ya nguo. Ni jazi ya zamani, ya watu weusi wa Amerika. Kila disiki ilikuwa na bendi yake, lakini ndani ya zote saba mlikuwa na mtu mmoja, na huyo ndiye ambaye baba alimpenda kuliko watakatifu wote wa kanisani. Kwenye moja anapiga saksafoni kubwa, kwenye nyingine saksafoni ndogo, halafu unageuza upande unamkuta ameshika filimbi ya fedha, ile inayolazwa pembeni ya mdomo. Baba alikuwa akificha karatasi la kufunikia disiki mgongoni, anashusha sindano, anauliza:

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye."

"Umejua namna gani?"

"Anavuta pumzi kabla wenzake hawajamaliza."

"Vizuri. Usisikilize chuma, mama. Sikiliza pumzi."

Nilikuwa na miaka tisa. Wenzangu walijua nyimbo za bendi za Kinshasa, mimi nilijua pumzi ya mtu ambaye hata jina lake sikuweza kulitamka. Kulikuwa na disiki ya karatasi la kijani ambamo saksafoni inakwenda polepole na piano inamfuata nyuma, kama mtu anayetembea peku ndani ya nyumba akitafuta kitu alichosahau ni kitu gani. Kulikuwa na nyingine, karatasi lake limeliwa na mende, ambamo anakimbia vibaya sana. Baba alijaribu kumfuata na saksafoni yake, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Na kulikuwa na ile ya saba, isiyo na picha, buluu tupu na maandishi. Upande wa pili wa hiyo, anapuliza filimbi na papo hapo anaguna ndani yake. Sauti na upepo vinatoka pamoja. Unasikia watu wawili ndani ya koo moja, na mmoja wao anaumwa.

Upande huo baba aliupiga kila Jumapili baada ya misa. Hakuna mtu wa Kasongo aliyemwambia kitu.

Nilipata diplome, nikaolewa Kabambare. Si pale sentri penye hospitali, ni kijiji cha ndani, saa mbili kwa pikipiki kama mvua haijaharibu barabara. Bwana yangu alikuwa anachimba dhahabu upande wa Lusangi, anarudi mwisho wa mwezi, anakula, analala, anaondoka. Nilikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka miwili na nusu, mwenye maneno mengi kuliko meno. Nilifunga mashini ya baba kwenye batri ya pikipiki, batri nikaifunga kwenye pano ya umeme wa jua, na nikitwanga majani ya sombe mchana nilipiga saksafoni. Mama mkwe alisema muziki wangu hauna maneno kwa sababu mpigaji ni mlevi. Lakini alikuwa akitingisha kichwa, nilimwona.

Upande wa filimbi sikuwa nimeupiga bado. Nilikuwa nauogopa, kwa sababu ya baba. Siku niliyojisikia naweza, ilikuwa Jumapili, wanaume wamekaa barazani kwa baba mkwe, hatua ishirini kutoka jikoni kwangu. Nilishusha sindano. Filimbi ikaanza peke yake, halafu yule mtu akaanza kuguna.

Barazani watu wote walisimama. Baba mkwe alikuja mbio, mzee ambaye sijamwona akikimbia hata nyumba ya jirani ilipoungua.

"Zima! Zima kitu hiyo!"

Mama mkwe alijifunika kitenge kichwani, akamnyakua mtoto wangu, akakimbilia nyuma ya nyumba. Wanawake wa nyumba za karibu walikimbia pia. Mimi nilibaki na mchi mkononi kama mjinga.

Niliinua sindano. "Baba, ni disiki tu."

"Nani alikupa?"

"Baba yangu mzazi."

"Baba yako alitahiriwa wapi?"

Baba mkwe kumuuliza mkamwana wake neno kama hilo ni aibu kubwa. Yeye mwenyewe aliangalia chini.

"Kwenye zahanati ya mapadri," nilijibu.

Mzee mmoja aliyemfuata nyuma alicheka. "Basi yule alikufa angali mutoto."

Ndivyo nilivyojifunza, na nilijifunza kwa vipande, kwa sababu hakuna anayemweleza mwanamke. Kwa watu wa bwana yangu vijana wanapelekwa msituni, yando, wanatahiriwa huko na kufundishwa. Na huko kuna sauti, pumzi na koo pamoja, ambayo mwanamke hatakiwi kuisikia. Akiisikia, mtoto wake ndiye atakayelipa. Baba yangu hakupita yando. Aliipenda ile sauti bila kujua ni ya nani, akanirithisha. Mama mkwe nilimuuliza baadaye: uliitambuaje, mama, kama hujawahi kuisikia? Alinipiga kofi.

Siku ile nilileta karatasi la disiki nyingine, lenye picha, nikamwonyesha baba mkwe. "Angalia, baba. Ni huyu. Mutu wa Amerika. Yando ya kwenu hajawahi hata kuisikia."

Aliishika picha mbali na macho, kama wazee wanavyosoma. "Ni mweusi huyu."

"Ni mweusi."

"Basi ni wetu. Waliofungwa minyororo na kutolewa huku, wewe mwenye masomo, unafikiri walikwenda na miguu tu? Vitu walivyofundishwa waliviacha njiani?"

Nilichukua karatasi langu mkononi mwake. Nikiandika haya nina hasira naye ya kutosha kuchoma kijiji, na bado nasema: juu ya ile sauti, labda mzee alikuwa na haki.

Siku tisa baadaye mtoto akapata homa.

Asubuhi alikataa uji. Mchana alitapika, akawa anasukuma mwanga kwa mikono, anataka nifunge mlango. Nilifunga kitenge niende hospitali. Baba mkwe alisimama mlangoni akaniambia mtoto hatavuka mto. Ile sauti imo kichwani mwake, akivushwa maji kabla ya kuoshwa atakufa. Mzee wa yando anayejua kuosha ameshaitwa, mtu ameondoka na baiskeli.

"Atafika lini?"

"Kesho."

Bwana yangu alikuwa nyumbani wiki ile. Nilimwangalia yeye. Mtu huyu alijua kusoma, tulisoma darasa moja.

"Siku moja tu, mama wa mutoto," alisema. "Tusiwatie wazee aibu."

Na mimi nilikubali. Hilo ndilo sitaki msomaji aliruke. Hawakunifunga kamba. Nilikuwa na diplome, nilikuwa nimesoma biolojia na kupata alama nzuri, na nilikaa kwenye kirago nikimpangusa mtoto kwa kitambaa, nikingoja mzee wa kuosha sauti. Kwa sababu ndani ya tumbo langu kulikuwa na neno dogo linasema: na kama ni kweli? Ni wewe uliyeshusha sindano.

Kesho ilifika, mzee hakufika. Daraja la miti limeondoka na maji, walisema. Kesho nyingine. Nilingoja siku mbili kamili.

Asubuhi ya siku ya tatu nilitaka kumwinua anywe maji, na shingo yake haikukunjika. Ilikuwa kama ubao. Alinyanyuka mzima mzima, kama sanamu. Nilimfunga mgongoni, nikashika njia. Wanaume walikuwa wamekaa mbele, barazani. Mama mkwe alinikuta pembeni ya nyumba, yule wa kofi, akanishika mkono. Nilidhani atapiga kelele.

"Pitia nyuma ya jikoni," alisema. "Kimbia, mwanangu."

Nilivuka mto wao, maji yakinifika kiunoni, na mtoto hakufa. Ng'ambo nilipata motari wa pikipiki anayekwenda sentri na magunia ya mchele, nikamwambia ashushe gunia moja, akaniangalia uso, akashusha mawili.

Muganga wa hospitali alikuwa kijana. Alimgusa shingo, akaita mwenzake, wakamchoma sindano mgongoni kutoa maji. Homa ya uti wa mgongo. Akauliza, bila ukali, akiandika:

"Mulikuwa munangoja nini?"

"Filimbi," nilisema.

Aliinua macho. Alifikiri ni usingizi unanisumbua, akaniambia nikae.

Walimtibu vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Siku ya nne alifungua macho. Siku ya sita alikula ndizi. Siku ya saba mwanamke wa usafi aliangusha beseni la chuma nyuma ya kitanda chetu. Wagonjwa wote waliruka, mzee mmoja akatukana. Mtoto wangu aliendelea kumenya ndizi.

Niliokota beseni. Nikaliangusha mwenyewe. Akaendelea kumenya.

Bwana yangu alifika kesho yake, viatu vimejaa tope. Alimbeba mtoto, akalia, nakubali kwamba alilia.

"Mungu asifiwe, amepona. Baba anasema iliyobaki ni kumuosha tu. Mzee ameshafika."

"Hasikii."

"Atasikia. Ni dawa hizo, zinachosha."

"Hasikii! Piga kofi nyuma ya kichwa chake, uone."

Alipiga kofi. Akapiga tena, na tena, makofi kama ya kanisani. Halafu akashusha mikono. Aliposema, alisema polepole, kama mtu aliyepewa jibu la swali la zamani.

"Basi unaona. Sauti imechukua masikio. Wazee walisema."

Nilikuwa na bakuli la uji mkononi. Nilimmwagia wote. Ulikuwa wa moto, na sijutii. Kutoka hospitali sikurudi kijijini, nilikuja kwa mama yangu Kasongo, mimi, mtoto na kitenge kimoja.

Miezi mitatu baadaye, mwanamke mmoja anayeuza chumvi huko ndani alinikuta sokoni. Aliniuliza habari za mtoto, halafu akasema: "Ile mashini yako, dada, inalia kila siku. Wanaume wameihamishia barazani. Wanafukuza wanawake, wanapiga ule upande mumoja."

Sikuelewa kwanza. Nilidhani disiki na mashini wamezichoma. Mtoto wangu amenyamaziwa na dunia nzima kwa sababu ya ile sauti, na wao wanaisikiliza baada ya chakula!

Nilikwenda. Siku mbili barabarani, mtoto mgongoni. Nilifika mchana, na nilisikia filimbi kabla sijaona nyumba. Mwanamke mmoja njiani alinipungia mikono nirudi. Niliingia barazani kichwa wazi.

Walikuwa saba, na bwana yangu hakuwemo. Wawili walisimama. Mmoja akafoka: "Toka, wee mwanamuke! Hujui haya?"

"Huyu hasikii," nilisema, nikageuka wamwone mtoto. "Sheria yenu haimuhusu tena. Mimi nasikia, na mutoto mwingine wa kunilipisha sina. Nitakaa."

Nikakaa chini, katikati yao. Hakuna aliyejua la kufanya. Yando haikuwafundisha mwanamke akikaa wafanye nini. Yule mtu wa Amerika aliendelea kupuliza na kuguna, na mimi nilisikiliza pumzi, mahali anapoivuta kabla ya wenzake, mpaka sindano ikafika mwisho na kuanza kukwaruza.

Baba mkwe aliinua sindano mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vinajua kazi hiyo.

"Mukamwana," alisema, hakuniangalia. "Nimeusikiliza huu kila siku. Nilitaka kujua alifundishwa na nani. Kuna mahali anafanya kama babu yangu alivyokuwa anafanya. Kabisa kabisa."

"Na mujukuu wako hatausikia hata mara moja."

"Ndiyo."

"Mulinambia kesho."

Alifungua mdomo. Nilingoja. Nilikuwa nimekuja nikidhani natafuta disiki, na pale nikajua nilikuja kungoja neno moja. Wale wazee wengine walikuwa wanaangalia vidole vya miguu yao.

"Daraja lilikuwa limeondoka," alisema.

Niliziweka disiki zote saba ndani ya gunia, na mashini juu. Hawakunizuia. Mama mkwe alitaka kumbeba mtoto. Alimwita jina lake mara tatu nyuma ya mgongo wangu, halafu akakumbuka, akaja mbele, akamshika mashavu.

Sasa niko Kasongo, nafundisha watoto wa darasa la kwanza, na saa sita nikirudi nafungua dirisha linaloangalia njia ya kwenda sokoni. Napiga ule upande wenye filimbi, kwa nguvu zote za mashini. Watu wa Kabambare wanapita hapo na baiskeli zao. Wengine wanasimama, wanageuka, wanaona ni mwanamke, wanaondoka haraka. Sawa. Waende wakaseme. Mtoto wangu amelala kirago kimoja na mashini, mkono wa kushoto chini ya shavu. Hageuki.